Tumbo Safi

Duka ninakonunua vidonge vyangu vya presha liko nyuma ya soko kuu, na mwenye duka hutundika bidhaa kwenye kamba kama mama anayeanika nguo za watoto. Majuzi mvua ilitufungia humo, wateja na wapita njia, tumebanana chini ya bati, na katikati ya harufu ya nguo mbichi na spiriti nikanusa mpira mpya. Sikuhitaji kuinua kichwa ili nijue ni nini. Niliinua hata hivyo. Zilikuwa zinaning'inia juu yangu, poire nyekundu, kubwa kwa ndogo, kila moja na mdomo wake mrefu mweusi. Tumbo langu, la mwanamke aliyekwisha kuzaa na kulea, likajikunja kama la mtoto aliyeitwa nyuma ya jiko.

Wa rika langu, mliokulia Mangobo au Kabondo au ng'ambo ya mto kule Lubunga, hamhitaji maelezo. Kwa wengine: poire ni kimpira kilichonenepa chini na kuchongoka juu. Unakibinya, kinanyonya maji, unakiingiza mahali pasipotajwa mezani, unakibinya tena. Wenye Kiswahili cha vitabuni husema kupiga bomba. Sisi tuliambiwa kwamba poire ni tunda la Wazungu, na sijakutana na mtoto wa wakati wetu aliyetamani kulionja.

Kwetu, poire ilikuwa mali ya Koko. Koko ni mama mzazi wa baba yangu. Alitoka upande wa Bengamisa alipofiwa na mumewe, akaja kukaa nasi mjini na kapu lake na kinu chake. Alikuwa mfupi, mikono yake ilikuwa na joto hata asubuhi ya mvua, na alikuwa na imani moja iliyozidi zote alizofundishwa kanisani: kila ugonjwa huanzia tumboni. Homa ni tumbo. Macho mekundu ni tumbo. Umeshindwa hesabu shuleni? Tumbo limejaa, akili ipite wapi? "Tumbo njo chef, mukubwa wa mwili," alikuwa akisema. "Chef akikuwa muchafu, bote banakuwa bachafu." Kutokana na imani hiyo ikazaliwa sheria ya nyumba yetu, kwamba dawa haiingii kwenye tumbo chafu. Hata kidonge cha malaria kilingoja zamu yake. Kwanza poire, kisha kidonge.

Siku yetu ilikuwa Jumamosi, na hasa Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Koko alichuma lumbalumba, yale majani yenye harufu kali aliyoyapanda kando ya kabine, choo chetu cha uani, akayaponda, akayachemsha, akayachuja kwa kitambaa, akachovya kiwiko majini kama anayemwandalia mtoto mchanga maji ya kuoga. Mtoto mwenye adabu alipata lumbalumba tupu. Lakini siku nyingine tulisikia kinu kikitwanga pilipili, na hapo kila mmoja wetu alianza kuzikumbuka dhambi zake za wiki nzima. Tulipanga foleni, mimi na binamu zangu, tukilala kwa zamu kifudifudi juu ya mapaja yake, na yeye akituimbia wimbo wa Kilingala wa kubembeleza huku akifanya kazi isiyobembeleza hata kidogo. "Shika! Usiachilie! Shika!" Tukazunguka uwanja tumebana mapaja, na majirani wakichungulia juu ya ua na kucheka mpaka machozi.

Baadaye alitupaka mafuta, akatupa uji wa mchele wa moto, na kweli tulijisikia wepesi. Nilimpenda Koko. Nayasema haya mapema ili huko mbele msije mkamfanya mchawi.

Mdogo wangu aliitwa Plamedi. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, na ukuta wake alioupenda kuushika ulikuwa mimi. Nikipika michezo yangu ya udongo, nasikia gauni linavutwa nyuma, nikigeuka namkuta amesimama, anayumba, anacheka kwa ushindi na meno yake machache. Nilimsukuma mara nyingi, kama dada wanavyosukuma, na mara zote alirudi. Baba wakati huo alikuwa Bafwasende, akiuza sabuni na chumvi kwenye machimbo ya dhahabu, na mvua ilipoiharibu barabara alikaa huko huko mpaka lori lipatikane. Nyumbani tulibaki na Mama na Koko.

Mvua zile zile ziliijaza chemchemi tuliyochotea maji, yakawa rangi ya chai ya maziwa. Tuliyaacha yatulie ndooni, tukayanywa. Plamedi akaanza kuhara. Asubuhi Mama alimfunga mgongoni, akapanda toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, akaenda kwenye kituo cha afya. Alirudi na pakiti za serum, unga mweupe wa kuchanganya na maji. Muuguzi, ambaye sote tulimwita daktari, alikuwa amemwambia ayachemshe maji, ayapoze, autie unga, na mtoto anywe mchana kutwa. Mama akaweka sufuria motoni. Koko akatoka nyuma ya nyumba akijifuta mikono.

"Mama Sifa, unafanya nini?" alimwuliza Mama. Sifa ni mimi.

"Ni dawa ya Plamedi, Mama. Docteur anasema anywe maji mingi na hii ndani."

"Maji?" Koko alicheka kidogo, bila ubaya. "Mutoto anatoka maji, siye tunamuongezea maji? Nyumba ikivuja, unapanda juu ya bati kumwanga maji ingine?"

"Docteur alisema tusikawie."

"Mimi sikatae dawa ya docteur. Dawa iko muzuri. Lakini itapita wapi? Tumbo iko na uchafu. Bon, tusafishe kwanza, kiisha tutamupa yote."

Mama alitazama sufuria. Nyumbani kwetu mke hakubishana na mama mkwe, na mume akiwa safarini ndiyo kabisa. Halafu, tuseme haki, hakuna hata mmoja kati yetu ambaye hakuwa amepita katika mikono ile akatoka mzima. Dawa ya moto ni moto, watu husema, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama alisikia la mkuu. Aliziweka pakiti juu ya rafu, karibu na redio, na maji yaliyokwisha kuchemka akampa Koko kwa ajili ya lumbalumba.

Hakumtilia pilipili, Koko. Alimlaza mapajani taratibu, akaimba ule wimbo, akatumia poire ndogo kuliko zote. Kila baada ya kumsafisha alikibeba kile kisufuria cha mtoto cha kujisaidia mpaka mlangoni kwenye mwanga, akainama, akatazama. Mara ya kwanza kilichotoka kilikuwa kijani na kilinuka. "Unaona?" alimwambia Mama, kama mtu aliyemshika mwizi wa kuku. "Hii yote ilikuwa ndani ya mutoto." Hata mimi nilishangaa kwamba kiumbe kidogo vile kilibeba uchafu mwingi hivyo. Akarudia. Ikawa njano. Akarudia kesho yake, na Plamedi mwenyewe naye aliendelea kutoa bila kuombwa, kwenye nguo, kwenye mkeka, kwenye mgongo wa Mama.

Mimi nilielewa mambo kwa namna yangu. Nilikuwa nimefundishwa kuosha mchele. Maji ya kwanza ni meupe mazito, unamwaga. Ya pili yamepungua, unamwaga. Yakitoka maangavu, ukiona mpaka chini ya bakuli, mchele uko tayari kwa sufuria. Basi nilingoja maji ya Plamedi yatakate. Nilichungulia kisufuria pamoja na Koko, kichwa changu karibu na chake, na siku yalipotoka yakiwa karibu hayana rangi, alinikumbatia.

"Iko safi!" Koko alisema. "Sifa, angalia. Tumbo iko safi!"

Nikapiga makofi. Nikakimbia kumwambia Mama, aliyekuwa akifua.

Kulikuwa na mambo mengine niliyoyaona, na yote niliyasoma kinyume. Plamedi alilia bila machozi. Niliona sura inakunjamana, mdomo unafunguka, sauti nyembamba inatoka, lakini mashavu makavu. Nikadhani amekua, maana watoto wakubwa husifiwa kwa kulia bila machozi. Ngozi ya tumbo lake, ukiifinya kwa vidole, ilibaki imesimama kama shuka lililokunjwa, na mimi nilicheza nayo, naifinya na kungoja ilale. Utosi wake ulikuwa umebonyea. Koko aliupaka dawa ya majani na kuufunika kwa kitambaa. Hakuvuta tena gauni langu, nami nikafurahi kwamba sasa naweza kupika udongo wangu kwa amani.

Halafu kuhara kukakoma. Ilikuwa karibu na adhuhuri, jua limetoka baada ya mvua, jirani anatwanga pondu, majani ya muhogo. Koko aligusa nguo ya mtoto, akaigusa tena, akainua mikono juu. "Imekauka! Mungu asifiwe. Mama Sifa, njo saa yake. Leta dawa ya docteur."

Mama alikimbia. Alizishusha pakiti kutoka kwenye rafu, akachemsha maji, akayapoza kwa kuyamimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, juu chini, juu chini, na hadi leo sauti ya maji yanayomiminwa kati ya vikombe viwili inanifanya nitoke chumbani. Akatia unga. Akamketisha Plamedi mapajani, akachota kwa kijiko.

"Kunywa, papa," alisema. Hivyo ndivyo tunavyowaita watoto wetu wa kiume tukitaka kuwabembeleza. "Kunywa, papa yangu."

Kijiko kiliingia, maji yakatoka pembeni mwa mdomo, yakashuka shingoni. Hakukohoa. Mama akachota tena. Macho ya Plamedi yalikuwa wazi nusu, yakitazama bati. Mama akachota tena na tena, kifua cha mtoto kikalowa chote, "kunywa, papa," mpaka Koko aliponyoosha mkono akamfungua Mama vidole kimoja kimoja na kumtoa kijiko, kwa sababu vilikuwa havitaki kuachia.

Sitaeleza kilio. Kilio cha mtoto mdogo ni kifupi, watu hawakai sana, wanamwambia mama bado ana nguvu, atapata mwingine. Mwanamke mmoja wa mtaani, ambaye alitaka tu kufariji, alisema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nikatazama ile sehemu karibu na migomba ambapo Koko alikuwa akimwaga kisufuria, na nikaona udongo umekwisha kukauka. Baba alikuta kaburi. Hakumuuliza mtu kitu, na hakuna aliyemwambia kitu.

Wanawake waliomwosha Plamedi walisema, "Anabakia safi kama malaika." Neno hilo lilinimalizia hesabu. Nililala nalo nikaamka nalo. Mtu, niliona, anashikiliwa duniani na vilivyomo tumboni mwake, kama mfuko unavyosimama kwa sababu ya mchele. Plamedi walimtoa vyote. Kilipotoka cha mwisho, naye akatoka nacho. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amenipa maelezo bora, kwa hiyo nikayashika hayo, na nikaamua kwamba mimi sitaisha. Sitatoa kitu.

Watoto wana nguvu za kutisha wakiamua jambo. Nilikula lituma, ndizi zile za kutwanga zinazokaa tumboni kama tofali, na nikazizuia humo. Nikitumwa kabine, niliingia, nikahesabu nzi, nikamwaga maji kidogo ili wasikie, nikatoka. Mwanzoni tumbo liliniomba. Baadaye likaacha kuomba, likawa gumu, likavimba, na kichwa kikaniuma mchana kutwa. Jumamosi ilikuja bila moto nyuma ya jiko. Poire hazikuonekana tena. Lumbalumba, ambayo haikuwahi kuachwa ikue, ilirefuka kando ya kabine ikatoa maua, na hapo ndipo nilipojua kwamba ina maua. Koko alikuwa akikaa kwenye mkeka wake tangu asubuhi, uso kwa ukuta. Mama alimpelekea chakula, akakiweka chini, akaondoka. Hawakugombana. Ningependa wangegombana.

Siku moja Mama alinikuta nimejikunja nyuma ya mlango, jasho linanitoka. Alinigusa tumbo akapiga kelele. Tantine Charlotte, dada yake baba, alikuwa amekuja kutusaidia siku zile. Naye akaligusa, akashika kiuno.

"Hii tumbo iko jiwe! Mama, iko wapi poire? Tumupige moja sasa, hata ya sabuni."

"Hapana," Koko alisema kutoka mkekani.

"Mutoto atapasuka!"

"Nilisema hapana."

Nilimwangalia. Alikuwa ameiingiza mikono yake chini ya mapaja, ameikalia, ile mikono ya joto, kama mtu anayezuia mbwa asimrukie mgeni. Nilimwogopa kwa mara ya kwanza, na pia nilimwonea huruma, ingawa sikujua kwa nini.

Kisha akasimama. Alimtuma Tantine akatafute papai lililoiva sana, akamwambia Mama alete maji yaliyochemshwa. Alinilaza kwenye mkeka wake, akanikanda tumbo kwa mafuta ya mawese, polepole, kwa kuzungusha. Alinilisha papai kwa mkono. Alininywesha kikombe, akasema "ingine," nikanywa, akasema "ingine." Mama alisimama kwenye mlango wa jiko akichota na kuleta, akichota na kuleta.

"Sifa," Koko aliniambia sikioni, "unaogopa nini?"

Sijui kwa nini nilisema. Labda kwa sababu hakuna mwingine aliyeuliza. "Nikitoa yote nitaisha. Kama Plamedi."

Mkono uliokuwa ukizunguka tumboni ulisimama. Ulikaa pale, mzito.

"Haiishe," alisema mwishowe. "Unakula, inatoka. Kesho unakula, inatoka. Njo vile, mpaka uzee."

"Na Plamedi?"

"Plamedi..." Aliinua kichwa, akamtazama Mama mlangoni. Nadhani ilikuwa mara yao ya kwanza kutazamana tangu kilio. "Ile haikukuwa uchafu," Koko alisema. "Ilikuwa maji yake. Nilimutoa maji yake."

Mama alikuja na kikombe mkononi, akapiga magoti, akaninywesha mimi. Maji mengine yalimwagika mkekani, na hakuna aliyeyafuta.

Mpaka leo mimi hununua pakiti za serum kila niingiapo duka la dawa, hata kama hakuna anayeumwa. Majuzi pia nilizinunua, chini ya zile poire. Wanangu wananicheka, wanasema kabati langu ni depo la dawa. Mtoto yeyote wa mtaa wetu akianza kuhara, mama yake anajua mlango wa kugonga, na namnywesha kabla sijauliza ni mtoto wa nani. Yule mwenye duka anasema poire bado zinanunuliwa sana, hasa shule zikikaribia. Sikumhubiria. Najua wanaozinunua wana mikono ya joto.

Jioni ile ya papai, jua likiwa bado juu ya migomba, tumbo langu lilianza kusukuma lenyewe. Nikamshika Koko nguo. Alinipeleka mpaka kabine, akanifungulia mlango wa bati.

"Ingia. Mimi nitasimama hapa. Nitauliza, utajibu. Ukinijibu, utajua ungali uko."

Mlango ukafungwa. Niliumia, nikalia, nikaona damu, na kila nilipotaka kuacha sauti yake ilikuja kupitia bati.

"Uko?"

"Niko, Koko."

"Uko?"

"Niko."

Ilitoka. Ilitoka yote, nami nikabaki nimechuchumaa pale, nikishangaa mikono yangu, magoti yangu, nzi, mwanga kwenye matundu ya misumari. Nilijisikia mwepesi kama Jumamosi za zamani. Nikajisafisha, nikasukuma mlango, nikatoka.

Koko alikuwa amesimama ameegemea bati kwa kiganja kimoja, macho amefumba. Mama alikuwa nyuma yake.

"Uko?" Koko aliuliza.

"Niko, Koko. Nimeisha kutoka. Angalia."

Hakufumbua macho. "Uko?" aliuliza tena, taratibu zaidi, kwa ile sauti aliyokuwa akituimbia mapajani. Nikafungua mdomo nijibu, lakini Mama alitikisa kichwa, akanivuta kwake, akaweka mkono wake mwingine kwenye bega la Koko. Tukasimama pale wote watatu, mbele ya mlango ulio wazi, tukimngojea Plamedi aitike.